Tanga Lililokataa Kuanuliwa

Jumanne, saa kumi alasiri, siku ya tatu baada ya kumzika Leonardi, vijana wanne wa Mtaa wa Bomba Mbili, Mtoni, walianza kufungua kamba za turubai. Wanawake walikuwa wameshakwangua ukoko kwenye sufuria kubwa na kuzisugua kwa majivu. Viti vya plastiki vilikuwa vimepangwa kumi kumi ukutani, na Sekela, katibu wa kikundi cha kuzikana, alikuwa anavikagua na daftari mkononi, kwa sababu msiba uliopita kimoja kilirudi bila mguu na hakuna aliyekiri.

Kamba zote nane zilifunguliwa. Nguzo zote ziling'olewa. Turubai likabaki juu.

Halikupepea wala kuyumba. Lilikaa palepale lilipokuwa, mita tatu kutoka ardhini, la bluu lenye mstari mweupe, na kivuli chake chini yake. Vijana walilivuta kwa ncha, wakachoka, wakaliacha. Mmoja alipanda juu ya meza akaligonga kwa mti wa ufagio. Lilitoa vumbi tu.

"Dada Sekela, halishuki."

"Nguzo mmehesabu?"

"Ziko zote."

"Basi nguzo pelekeni stoo. Turubai nitaandika liko nje."

Aliandika: Turubai moja, halijarudi. Watu waliokuwa wameshaaga walitazama juu, wakaona bado liko, wakarudi kukaa. Kila mtu Dar es Salaam anajua kwamba turubai likiwa juu msiba haujaisha, na msiba ukiwa haujaisha huondoki. Bi Hamdiya, mke wa mwenye duka, ambaye ndiye mpishi wa misiba yote ya mtaa, aliziangalia sufuria zinavyong'aa.

"Nani kawaambia muoshe?" aliuliza, akaagiza kuni.

Aliyenufaika mara moja ni Auleria, mjane wa Leonardi. Leonardi alikuwa fundi wa majokofu. Wiki tatu kabla ya kufa aliletewa barua na mwenye nyumba wake, Mzee Nasser, mume wa Bi Hamdiya, ikimtaka ahame ifikapo mwisho wa mwezi ili nyumba ivunjwe na zijengwe fremu za maduka, maana lami ilikuwa imefika. Leonardi aliisoma mara moja, akaikunja, akafa kwa presha kabla mwezi haujaisha. Auleria alibaki na binti yake Anastasia, kidato cha pili katika shule iliyokuwa mtaa wa tatu kutoka hapo, na meza ya kupigia pasi kwenye baraza la mbele. Wateja wake wote walilijua baraza hilo. Alikuwa amesimama hapo miaka kumi na mmoja, na nje ya hapo hakuwa na kazi wala mtu wa kumpokea.

Lakini hakuna mwenye nyumba anayemtoa mpangaji aliye na turubai mlangoni. Mzee Nasser aliyajua hayo vizuri kuliko wengi. Familia yake ilikuwa na duka Mtoni tangu enzi za babu yake, na adabu za misiba alikua nazo. Alikuwa ametoa gunia la mchele. Ng'ombe alimchinja mwenyewe, ili Waislamu na Wakristo wale sufuria moja. Kila asubuhi alipita mbele ya baraza akiwa na funguo za duka.

"Pole, mama."

"Asante, baba. Tumeshapoa."

Kisha alitazama juu kuhakikisha kama turubai bado lipo, akaenda kufungua duka.

Wiki iliyofuata turubai lilikuwa limefika nyumba ya pili. Halikuchanika wala kuwa jepesi. Liliongezeka tu, kama chapati inavyotanuka chini ya mti wa kusukumia. Mwisho wa Machi lilikuwa limeufunika mtaa wote kutoka bomba la kwanza hadi la pili, nyumba arobaini na nne, na mstari mweupe ukapita katikati ya barabara. Mvua za masika zilinyesha kandokando.

Chini yake sheria ilikuwa ile ya msibani, na hakuna aliyehitaji kuitangaza. Msibani hakuuzwi kitu. Muuza mahindi ya kuchemsha aliingia na ndoo yake siku ya tisa, akataja bei, watu wakamtazama kwa namna ambayo hakuwahi kutazamwa. Aliitua ndoo, akagawa mahindi, akaomba kisu akaanza kumenya vitunguu saumu. Hakutoka tena. Msibani pia huulizwi umekuja na nini. Unakula, na ukishakula unatafuta mahali pa kujishikiza, hata kama ni kufukuza inzi. Kwa hiyo fundi bomba alitengeneza mabomba. Nesi aliyestaafu alipima presha kila Jumatano na kugombeza watu kuhusu chumvi. Mwalimu Demetria, ambaye jioni alikuwa akifundisha tuisheni kwa malipo, alifundisha hesabu kwenye mkeka wa wanaume, na wanaume wengine wakajikuta wameelewa hesabu za sehemu. Auleria alipiga pasi nguo za mtaa mzima. Wazee wenye kisima walitoa mpira wa maji nje ya geti lao, wakauacha.

Watu walinenepa kidogo. Ugomvi ulipungua, kwa sababu msibani hugombani. Watoto wa shule walikwenda wamekula.

Tatizo lilikuwa moja tu: ulikuwa msiba. Hakuna aliyejua namna nyingine ya kuishi hivyo, kwa hiyo waliishi kwa huzuni. Redio zilizimwa. Vijana waliangalia mpira bila sauti, na goli lilipoingia walishusha pumzi na kutikisa vichwa. Binti wa nyumba namba kumi na tisa aliolewa mwezi wa nne, na wageni wakampa mkono mmoja mmoja: pole, pole sana. Alijibu kwamba ameshapoa. Mtoto alipozaliwa walimfunika usoni, kisha mtu akakumbuka wakamfunua.

Alikuja mtafiti kutoka chuo kikuu, kijana msafi mwenye dodoso la kurasa kumi na mbili. Alisema anatafuta jamii zinazoishi kwa misingi mipya, baada ya soko. Walimpa sahani.

"Mfumo huu nyie mnauitaje?" aliuliza.

"Msiba," alijibu Bi Hamdiya.

"Na mnategemea uendelee mpaka lini?"

"Likishuka. We kula, wali unapoa."

Aliandika neno msiba, akapiga mstari chini yake, akaongezewa wali.

Mwezi wa tano mwenyekiti wa serikali ya mtaa, Gaspar, alikuja na mgambo mmoja. Alikuwa amekula pale siku nyingi, kwa hiyo alianza kwa kutoa pole, kisha akasema kuna malalamiko. Kibali cha kufunga barabara kwa ajili ya msiba ni siku tatu. Sasa zilikuwa siku tisini na kitu.

"Mimi sina neno na turubai," alisema. "Turubai likikaa hewani bila nguzo hiyo si kazi ya ofisi yangu. Kazi yangu ni barabara."

"Tuongezee siku," alisema Sekela.

"Kwa marehemu yupi?"

"Leonardi."

"Huyo nishamtumia. Marehemu mmoja, kibali kimoja. Hata nikijaza tena, wilayani watamkataa."

Sekela alikuwa karani wa masjala katika ofisi moja mjini. Alikuwa na stashahada ya utunzaji kumbukumbu na alizipenda fomu kama wengine wanavyopenda kanga. Aliiomba fomu akaisoma. Ilikuwa na mistari mitatu: jina la marehemu, jina la mfiwa, namba ya simu ya mfiwa. Hakuna palipoulizwa amekufaje, wala kama amezikwa.

"Mtu akijaza hapa, unagonga muhuri?"

"Fomu ikijazwa nagonga. Kwani mie daktari?"

Kesho yake Sekela alipanga zamu. Kila nyumba ingetoa marehemu mmoja kwa siku tatu. Marehemu angekaa ndani, nyuma ya pazia, hafanyi kazi, haongei hadharani, haamui kitu. Familia yake ingekaa kwenye mkeka wa wafiwa. Siku ya kwanza ungesomwa wasifu. Alianzia upande wa bomba la pili, akishuka kwa namba za nyumba kutoka arobaini na nne, ili asije akaambiwa ana upendeleo.

Marehemu wa kwanza alikuwa Brightson, mlinzi wa ghala la saruji. Alilala nyuma ya kanga ya mkewe na kusikiliza. Sekela alisoma kwamba marehemu alikuwa mtu wa kuwahi. Kwamba kwenye foleni ya maji alizoea kuwapisha watoto. Kwamba mwaka wa mafuriko alibeba bibi wa watu mgongoni na hakusimulia.

"Rudia hapo pa foleni," ilisema sauti nyuma ya kanga.

"Marehemu haongei."

"Basi we rudia tu, dada."

Alirudia. Brightson alikuwa na miaka arobaini na saba, na hakuwahi kusikia mtu akimsema kwa mazuri mfululizo. Mchana msimamizi wake alipiga simu kuuliza yuko wapi. Brightson alimwambia kwamba yeye ni marehemu mpaka Alhamisi. Msimamizi alifikiri kidogo, akasema kazi yenyewe ni kukaa getini, na kukaa hata marehemu anakaa. Brightson alivaa sare akaenda. Jioni aliporudi walimlaza tena.

Zamu ziliendelea. Watu walianza kuzisubiri. Wengine walikumbushia mambo ya kuwekwa kwenye wasifu wao wiki mbili kabla. Lilijitokeza pia suala la wafiwa. Mke wa Brightson, akiwa mkekani, alisema mtaro wa nyuma ya nyumba umeziba tangu mwaka juzi, na kabla ya saa sita ulikuwa umezibuliwa na watu kumi na wanne. Bi Hamdiya alisema ndivyo inavyopaswa, mfiwa asiombe jambo mara mbili. Sekela akaliandika kwenye daftari, kanuni ya nne: Mfiwa akiomba jambo ndani ya siku zake tatu, mtaa unalifanya. Baada ya hapo ukuta wa choo cha namba thelathini na mbili ulijengwa. Mama mmoja aliomba mwanawe aliyekuwa hamsalimii amsalimie, akamsalimia. Mfiwa mwingine aliomba jogoo wa jirani anayemkera aliwe, na jirani mwenyewe ndiye aliyemkamata.

Mwezi wa saba zamu ilifika namba ishirini na tatu, nyumba ya Mzee Nasser.

"Huyu mruke," alisema Auleria. Alikuwa anakunja mashati ya watoto wa watu na hakuinua kichwa.

"Simruki mtu, Mama Anastasia. Nikianza kuruka watu itakuwa kama ofisini kwetu."

"Akikaa marehemu, mfiwa nani?"

"Bi Hamdiya na kijana wao, Muntasir. Anakaa Kinondoni, anauza vigae."

"Huyo ndiye aliyemshauri baba yake habari ya fremu. Akija akaomba?"

"Ataomba nini? Ana gari mbili."

Auleria alichukua shati jingine. Sekela alikuwa na haraka. Fomu ilitakiwa ifike ofisini kabla ya saa tisa, na mstari wa tatu ulikuwa mtupu. Aliichukua namba kwa Bi Hamdiya, akampigia Muntasir mwenyewe.

"Baba yangu amekufa?" aliuliza Muntasir.

"Kwa siku tatu tu. Ni zamu."

"Nivae nini?"

"Kanzu inatosha."

Bi Hamdiya aligoma kukaa mkekani. "Mie nikae eda, hao watu mia mbili wale nini? Mkeka hauivishi wali," alisema, akafunga kanga kiunoni akarudi mekoni. Kwenye fomu Sekela alimwandika Muntasir peke yake, kwa sababu fomu lazima iseme ukweli wa siku hiyo.

Muntasir alifika Jumatatu asubuhi, akawapa shikamoo wazee wote, akakaa kwenye mkeka na miguu ameikunja vizuri. Wasifu ulisomwa saa nne. Sekela alikuwa ameuandika kwa uangalifu. Alisema marehemu hakuwahi kukandamiza mizani kwa kidole. Alisema marehemu alitoa gunia la mchele msiba wa kwanza na hakuacha kutoa. Alisema marehemu alikuwa mtu wa adabu, aliyekuwa na haki ya kumtoa mjane, na kwa miezi mitano alimpita mlangoni na kumpa pole. Watu walilia kwelikweli. Muntasir naye alilia, akajifuta kwa ukosi wa kanzu.

Kisha alisema ana ombi.

Alizungumza taratibu, macho chini. Alisema baba yake aliondoka na jambo moja moyoni. Si kubwa. Ile nyumba ya kona, pale lami ilipogusa mtaa. Fremu nane, za matofali ya inchi sita, zenye milango ya chuma. Alisema mtoto hawezi kufanya kila kitu peke yake wakati wa majonzi. Alikuwa anaomba mtaa umsaidie kuitoa nyumba ile.

Nyuma ya pazia Mzee Nasser alikohoa. Baadaye watu walibishana kama alikohoa kukubali au kukataa, lakini marehemu hana neno, na kikohozi hakikuandikwa.

Auleria alikuwa amesimama kwenye meza yake, pasi ya mkaa mkononi.

"Na mie ni mfiwa," alisema.

Mwenyekiti Gaspar alimgeukia kwa upole. Alikuwa amekuja kuleta kibali, akaombwa akae.

"Pole sana, mama. Lakini wewe zamu yako ilikuwa Februari."

"Mume wangu hajarudi tangu Februari. Huyu baba yake yuko pale ndani anakunywa chai."

"Tunalijua hilo. Ila kwa fomu, wewe umeshafiwa. Anayefiwa sasa ni huyu."

Bi Hamdiya alitoka mekoni na upawa mkononi, jasho likimtiririka. Alikuwa ameelezwa.

"Mie mkewe," alisema. "Nasema nyumba iachwe."

Watu wote walimtazama Sekela. Sekela alifungua daftari, ingawa alijua kilichomo.

"Bi Hamdiya, ulikataa mkeka. Mfiwa ni Muntasir peke yake."

"Nilikataa kwa sababu ya matumbo yenu!"

"Najua, bibi. Na tulishiba."

Bi Hamdiya alimtazama mwanawe. Muntasir alikuwa anatazama mkeka. Mekoni mtu alipiga kelele kwamba wali unashika chini. Bi Hamdiya akasema, "Nilikunyonyesha miaka miwili, Muntasir," akarudi kuutoa motoni.

Hakuna aliyesema tuanze. Walianza tu, kama walivyozoea. Watu wapatao thelathini waliingia katika vyumba viwili vya Auleria na kutoa vitu kwa huruma kubwa. Glasi zilifungwa moja moja kwenye magazeti. Kitanda kilifunguliwa na fundi seremala mwenyewe, na misumari ikatiwa kwenye mfuko ikaandikwa kitanda. Mwalimu Demetria alipanga vitabu vya Anastasia kwa masomo. Brightson alibeba jokofu mgongoni, jokofu ambalo Leonardi alikuwa amelitengeneza kwa vipande vya majokofu sita, akalitua bila kulikwaruza. Wanawake watatu waliosha sakafu ya nyumba iliyokuwa inakwenda kuvunjwa, kwa kuwa si vizuri kuacha chumba kichafu. Kila aliyepita na kitu alimwambia Auleria pole, na wengi walikuwa na machozi. Saa sita vyumba vilikuwa vitupu. Walimletea sahani yake mapema kuliko wengine, na nyama mbili.

"Mbona hamkatai?" aliuliza Auleria. Alimuuliza Brightson kwa sababu ndiye aliyekuwa karibu.

Brightson alifikiri. "Mama Anastasia, tukikataa hili, siku wewe ukiomba?"

"Nimeomba sasa hivi."

"Ulikuwa huna zamu," alisema Brightson, akaenda kushika upande wa pili wa kabati.

Sekela alimpatia chumba Gongo la Mboto, kwa mama mdogo wake. Kirikuu, kigari cha mizigo cha namba ishirini na tano, kilibeba mzigo bure mpaka mwisho wa kivuli. Kuanzia hapo dereva alitaja nauli, kwa kuwa huko si msibani. Sekela alitoa nusu, akapanda nyuma na Auleria na Anastasia, meza ya pasi ikiwa juu ya mapaja yao watatu. Walifika barabara ya Pugu.

"Ile kanuni ya nne nitaifuta," alisema Sekela.

"Usiifute. Ule mtaro wa kina Brightson, nani angeuzibua?"

"Nitaongeza mstari, basi. Kwamba isiwe kumtoa mtu."

"Ongeza," alisema Auleria. "Ila mie nishatoka."

Anastasia aliuliza kama huko waendako shule iko karibu. Hawakujua. Ilikuwa mbali.

Alhamisi Mzee Nasser alimaliza zamu yake. Alitoka nje ameoga, akawapa watu mkono, akashukuru kwa wasifu, akaomba nakala. Aliitazama nyumba ya kona, ambayo ilikuwa imeshaondolewa milango. Alisema amesikitika sana, lakini mambo yote hayo yalifanyika yeye akiwa marehemu. Hakukuwa na wa kumbishia. Wiki iliyofuata alituma kilo kumi za mchele Gongo la Mboto. Auleria aliupokea, akaupika.

Fremu zilikamilika kwa wiki tisa. Mafundi walisema hawajawahi kufanya kazi kwa raha kama ile. Kivuli kutwa, chakula mara mbili, na saruji haikukauka kwa haraka ikapasuka. Wapangaji walizigombania. Ungezisimamisha kwenye barabara nyingine zisingefika hata nusu ya kodi ile, alisema Muntasir, lakini hapa mteja anatembea kivulini mita mia mbili, ameshiba, hana haraka. Swali la kuuza msibani lilizungumzwa kikao kimoja. Ilionekana kwamba fremu ina dari yake ya zege, kwa hiyo aliyemo ndani yuko chini ya zege, hayuko chini ya turubai. Kizingiti kilipakwa rangi nyekundu ili watu wajue pa kushusha sauti na pa kupandisha. Sekela aliongeza mstari kwenye kanuni ya nne, kwa kalamu ya bluu. Tangu hapo hakuna mfiwa aliyeomba nyumba. Nyumba nyingine zote za mtaa zilikuwa ndani ndani, hazigusi lami.

Auleria hakuondolewa kwenye orodha ya kazi. Sekela alisema mtu hafutwi kwa kuhama, na Auleria mwenyewe alisema nguo za watoto wale anazijua vifungo vyake. Kila Jumamosi alipanda gari mbili kutoka Gongo la Mboto, akafika saa nne, akasalimia. Walimpa pole. Alikula, kisha alitafuta mahali pa kuweka meza.

Jumamosi ya pili ya Oktoba alisimama mbele ya fremu namba nne. Hapo ndipo lilipokuwa baraza lake. Alipajua kwa kisiki cha bomba la zamani ambacho mafundi hawakukichimbua. Ndani alikuwepo kijana mgeni mwenye fulana mpya, anapanga chaja na vioo vya simu. Alimwona mama amesimama ametazama chini, akamwamkia, akangoja. Mama hakuingia.

"Mama, unanunua?"

"Hapana, mwanangu. Nimekuja kupiga pasi nguo za watu."

"Hapo unaziba mlango, mama yangu. Wateja hawanioni. Sogea kidogo, samahani."

Auleria aliinua meza yake kwa mikono miwili, akasogea hatua mbili. Kivuli kilikuwepo na huko.